Stetoskopu ya fundi kwa kelele za mkanda na puli, nimeitumia miezi minane kwenye RAV4 ya 2002

Wakuu habari zenu. Leo naongelea stetoskopu ya mafundi, ile inayofanana na ya daktari ila pale kwenye kisahani cha kuweka kifuani kuna fimbo nyembamba ya chuma. Nilinunua Gerezani Dar kwa 28,000, haina jina la kampuni yoyote, ilikuja kwenye kiboksi cha njano tu, na tangu mwezi wa kumi mwaka jana nimeitumia kwenye gari yangu na kwenye gari za majirani kama sita hivi. Nitaeleza kwa kirefu kwa sababu kabla ya kuwa nayo nilishatoa hela ya mkanda mpya na wota pampu mpya na kelele ikabaki vilevile, na najua wapo wengi kwenye hali hiyohiyo saa hizi, gari inalia, kila fundi ana jibu lake na kila jibu lina bei.

Gari yenyewe ni RAV4 injini ya 1ZZ, ile ya cc 1800 yenye cheni ya taimingi, sio mkanda wa taimingi. Huku nje ina mkanda mmoja tu mrefu wenye mistari, unatoka kwenye puli ya krenki (shafti kuu ya injini) unazungusha oltaneta (ile inayochaji betri), wota pampu (inayozungusha maji ya kupozea injini), pampu ya stelingi na kompresa ya AC, na kuna tenshena, yaani mkono wa kukaza mkanda, inayojikaza yenyewe. Sasa hapo ndo pana kazi. Mkanda ni mmoja lakini vinavyozunguka ni vingi, kikilia kimoja sauti inatembea kwenye chuma cha injini inasambaa, ukifungua boneti ukainama unaisikia imetapakaa kote, mara uone ni oltaneta, ukisogea hatua moja unaona ni pampu. Sikio tupu linadanganya sana kwenye hii kitu. Sisemi mafundi ni waongo, wengi wanasikia kweli hicho wanachokisema, ila sauti imewafikia imeshazunguka injini nzima.

Mi nakaa Uyole, na anayeijua Mbeya anajua baridi ya mwezi wa sita na wa saba ilivyo. Kelele ilianza kipindi hicho. Asubuhi ukiwasha tu inapiga ukelele mkali, wiiiii, mpaka majirani wanaamka, sekunde kumi hivi kumi na tano inakata. Afu mchana kutwa inabaki sauti nyingine ya chini, kama mngurumo wenye mluzi ndani yake, ukipiga resi inapanda, ukiachia inashuka. Nilipompelekea fundi wa kwanza nilimwambia tu "mkanda unalia", akaangalia akasema mkanda umechoka, tukanunua mpya 45,000, akafunga, kimya. Wiki mbili nilikuwa na furaha kweli. Wiki ya tatu ikarudi.

Fundi wa pili alisimama mbele ya gari mikono mfukoni, akasikiliza kama dakika moja, akasema wota pampu. Hakugusa kitu. Nikalipa pampu 85,000 na kazi 30,000, kulanti mpya (hayo maji ya kupozea) juu yake. Ile pampu ya zamani niliomba nipewe, ninayo mpaka leo, ukiishika kwenye kiganja ukazungusha puli yake kwa kidole inateleza kimya kabisa, haina mchezo kushoto kulia, na kile kitundu kidogo cha chini ambacho pampu ikianza kufa kinatoa alama ya kulanti iliyokaukia, ile rangi ya pinki au nyekundu, kilikuwa kikavu na kina vumbi. Ilikuwa nzima. Iliniuma sana, na sio hela tu, ni kwamba kitu kizima kimetolewa kwenye gari ya watu bila mtu hata kukigusa akakizungusha.

Ndo nikiwa Dar kwa mambo yangu mengine nikapita Gerezani kwenye duka la vifaa vya mafundi nikaikuta. Muuzaji akaniambia kaka jaribu kwanza, kulikuwa na feni ya mezani inazunguka pale, nikavaa masikioni nikagusisha ncha ya chuma kwenye mgongo wa mota ya feni. Nilishtuka. Duka lina makelele, redio inaimba, nje magari, yote yakawa mbali na nikasikia mota peke yake, hata sehemu inayokwaruza kila mzunguko, tch, tch, tch. Nikalipa palepale.

Sasa matumizi. Kuna jambo moja la usalama kabla ya yote na nalisema kwa uzito wote. Mipira ya hii stetoskopu inaning'inia. Ukiinama juu ya mkanda unaozunguka inaweza kuingia, na ikiingia inavuta kichwa chako. Mimi naipitisha mipira ndani ya kola ya shati, nakunja mikono, sivai saa wala kitambulisho cha shingoni, na kina mama wenye kanga au mtandio waache kabisa mpaka wavue. Feni za rejeta za hizi gari ni za umeme, zinaweza kuanza zenyewe bila kukuambia. Hendibreki juu, gia P, na jiwe nyuma ya tairi. Na fimbo haigusi kitu kinachozunguka hata siku moja. Unagusa bolti ya katikati iliyosimama, au mwili wa chombo chenyewe karibu kabisa na beringi, ile ringi yenye gololi ndani inayobeba shafti inayozunguka.

Hilo la kugusa pasipozunguka nilifundishwa na mzee mmoja fundi pale Mafiati, hukuhuku Mbeya, zamani sana, yeye alikuwa anatumia bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma, mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Alikuwa anasema mwanangu, sikiliza pale pasipozunguka. Bisibisi inafanya kazi kweli, ni ya bure, na kama una sikio la miaka thelathini kama la yule mzee hauhitaji hii kitu ninayoiandikia. Ila mimi sikio hilo sina, na bisibisi inaacha sikio lako wazi, kwa hiyo ile sauti ya chuma inachanganyika na ya hewani. Stetoskopu inaziba masikio yote mawili. Tofauti ni kubwa hapo. Na uso wako unakuwa mbali na mkanda, sio umelaza shavu juu ya injini inayounguruma.

Siku ya kwanza nyumbani niliacha injini ipate moto, nikaanza na mwili wa wota pampu ile mpya. Sauti ni kama maji yanapita kwenye bomba ukutani, shwaaa, laini, haina mikwaruzo. Pampu ya stelingi inanguruma kidogo, ukiomba mtu akate usukani inabana sauti, ni kawaida. Bolti ya tenshena, kimya karibu. Kompresa ya AC, na hapa watu wengi hawajui, ile puli yake inazunguka muda wote hata AC ukiwa umeizima, kinachoshika na kuachia ni klachi ya mbele tu, kwa hiyo beringi ya puli ya kompresa inaweza kukulilia hata kama AC haujaigusa mwaka mzima. Ya kwangu ilikuwa safi. Afu nikaweka ncha kwenye uso wa mbele wa oltaneta, pale karibu na puli.

Nilitoa mkono haraka nikadhani nimegusa kinachozunguka. Ilikuwa sauti ya mtu anasaga mahindi mabichi kwenye jiwe, grrr grrr grrr, kavu, yenye punje ndani. Nikarudisha taratibu, ile ile. Nikaihamisha nyuma ya oltaneta, ipo lakini imepungua zaidi ya nusu. Nikarudi mbele, inakuja juu. Nikaenda kwenye pampu, shwaaa. Nikarudi, grrr. Nilifanya hivo labda mara nane, sikuamini miezi minne nahangaika na kitu kinachojulikana kwa dakika tano.

Lakini sikuamini sikio peke yake, na nawasihi na nyie msiamini. Nilizima gari, ikapoa, nikalegeza tenshena nikautoa mkanda nikazungusha kila puli kwa mkono. Oltaneta ilikuwa inakwama kwama kama kuna mchanga ndani. Zingine zote zinateleza. Afu nikawasha injini bila mkanda sekunde kama ishirini tu nikazima, mngurumo haukuwepo. Msizidishe hapo wakuu, bila mkanda wota pampu haizunguki na betri haichajiwi, usiache inaunguruma wakati unapiga simu. Ila sekunde hizo ishirini ni muhimu mno kwa sababu kama kelele bado ipo mkanda ukiwa umetoka basi tatizo lipo ndani ya injini, cheni au kitu kingine, na hela yoyote utakayoweka kwenye puli inapotea.

Beringi nilibadilisha kwa fundi wa mastata na oltaneta, beringi ya mbele ilikuwa na namba 6303 imeandikwa ubavuni. Jamani someni hizo namba. Zile tarakimu mbili za mwisho, 03, ni tundu la ndani milimita 17, na ziko hivo kwa kila kampuni duniani, 00 ni 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17, kuanzia 04 unazidisha kwa tano. Kwa hiyo haulazimiki kununua oltaneta nzima ya mtumba eti kwa sababu beringi ya gari hii haipatikani, beringi haijui gari, inajua namba. Angalia pia herufi zinazofuata, kwenye beringi za kampuni ya NSK utakuta DDU, kwenye NTN utakuta LLU, wengine wanaandika 2RS, zote maana yake ina sili za mpira pande mbili zinazogusa, vumbi haliingii. Ukiona ZZ hiyo ina vibati vya chuma tu pembeni, mi kwa barabara zetu za vumbi nachukua ya mpira. Nilipata beringi mbili, ya mbele na ya nyuma, jumla 26,000 na kazi 15,000. Na feki zipo nyingi sana, ukiishika ukaitikisa ikalia kama njuga usinunue hata kama kaandika Japani mara tatu.

Mngurumo ukaisha. Kabisa. Nilikaa kwenye gari taa zimewashwa, AC imewashwa, nasikiliza ukimya.

Kesho yake asubuhi, wiiiii.

Hapa ndo nataka mnielewe vizuri kwa sababu ndo kiini cha yote. Zilikuwa kelele mbili. Miezi yote ile nilikuwa namwambia kila fundi "mkanda unalia" kana kwamba ni kitu kimoja, na mafundi nao wanajibu kitu kimoja. Mngurumo unaopanda na resi na haukati siku nzima, hiyo mara nyingi ni beringi. Ukelele wa asubuhi au wakati wa mvua unaokata wenyewe, huo ni mkanda unateleza. Na kuna wa tatu, ule wa kulia kama kifaranga, chi chi chi chi, unaenda na mzunguko wa mkanda, huo mara nyingi puli hazijakaa mstari mmoja au kuna uchafu kwenye mfereji. Ukienda kwa fundi mwambie inalia vipi, saa ngapi, ikiwa ya baridi au ya moto, ukikata usukani, ukiwasha taa, ukiwasha AC. Ukiwasha taa zote pamoja na feni ya ndani, kelele ikaanza, oltaneta imeongezewa mzigo, mkanda unateleza pale. Ukikata usukani mpaka mwisho ikalia, angalia upande wa pampu ya stelingi. Haya yote ni bure.

Na kwenye kelele ya mkanda kuteleza stetoskopu haikunisaidia kitu. Nasema wazi, hapa inafeli, kwa sababu sauti ya mkanda inatoka hewani kati ya mpira na puli, haimo kwenye bolti yoyote unayoweza kuigusa. Kinachosaidia ni chupa ya maji ya kupulizia, ile ya saluni, niliyoinunua 2,000. Gari inalia, unapulizia maji kidogo kwenye upande wa mistari ya mkanda. Kelele ikinyamaza kidogo afu ikarudi, ni mpangilio wa puli. Ikiongezeka, mkanda unateleza, umelegea au una mafuta. Ya kwangu iliongezeka mpaka nikaruka nyuma.

Mkanda ulikuwa na miezi minne tu. Nikautoa nikaugeuza, mistari inang'aa kama ngozi ya kiatu kilichopakwa rangi, nikaunusa, unanuka oili. Nikafuata oili inatoka wapi kwa tochi na kitambaa, napangusa nasubiri siku moja narudi naangalia, mpaka nikaipata. Hizi injini za 1ZZ zina tenshena nyingine, ya cheni ya ndani, imefungwa ubavuni upande huohuo wa mkanda kwa nati mbili za namba 10, ina oringi (ringi ya mpira ya kuzuia oili), na hiyo oringi ikizeeka inakauka inaanza kuvuja polepole, tone linashuka kwenye kava ya cheni linafika kwenye mkanda. Ni ugonjwa unaojulikana sana wa hizi injini. Oringi yenyewe ilikuwa 3,000. Mkanda wa 45,000 uliharibiwa na oringi ya 3,000, na fundi wa kwanza angeangalia tu kwa nini mkanda wa zamani ulikuwa na oili tungemaliza mwezi wa saba.

Tahadhari hapa. Hiyo tenshena ya cheni usiifungue kwa kusikia tu. Ukiichomoa ile pini yake inatoka nje, na kabla ya kurudisha lazima uisukume ndani na kuifunga na kandoano kake, ukirudisha imetoka unaweza kuharibu, na injini usiizungushe wakati imetoka. Nilimwita fundi anayezijua 1ZZ, nusu saa akamaliza. Nikanunua mkanda mwingine, na safari hii puli zote zilisuguliwa kwa mswaki na maji ya sabuni, zikasuuzwa zikakaushwa kabla ya kuvaa mkanda. Tangu hapo asubuhi za baridi zimepita nyingi na hamna ukelele.

Nigusie sabuni kidogo maana naona inaumiza watu wengi. Kuosha puli kwa sabuni na kusuuza ni sawa. Kupaka sabuni ya mche kwenye mkanda unaolia, au mafuta ya breki, au kupulizia WD-40, sio sawa. Inanyamaza siku mbili, tatu, mpira unalowa unalegea unaanza kuteleza zaidi, na vumbi linaganda kwenye mifereji. Dereva wa teksi anapaka kila Jumatatu mpaka mkanda unakatika Mlima Nyoka, na kwenye mkanda mmoja kama huu ukikatika unapoteza vyote kwa pamoja, chaji, stelingi inakuwa nzito ghafla, na maji hayazunguki, injini inachemka ndani ya dakika chache. Mtu ana abiria wanne ndani. Siwezi kuliona hilo jambo ni dogo.

Na ile tabia ya kuangalia mkanda kama umepasuka, haujapasuka basi mzima, imepitwa na wakati. Mikanda ya zamani ilikuwa inapasukapasuka kweli. Ya sasa mpira wake ni mwingine, EPDM, haupasuki kirahisi, unaisha kimyakimya kama tairi, mistari inalika mpaka mkanda unakaa chini kwenye mfereji wa puli na kushindwa kubana. Kwa hiyo unaweza kuuona mzuri kabisa na umekwisha. Shika mpya na wa zamani pamoja, angalia kina cha mifereji. Na ukinunua soma namba mgongoni, 6PK au 4PK au ngapi, hiyo tarakimu ya mwanzo ni idadi ya mistari, zinazofuata ni urefu kwa milimita. Usikubali wa karibu karibu kwa sababu tenshena inajikaza, inajikaza mpaka mwisho wake tu. Mi nachukua Bando au Mitsuboshi, wote ni Wajapani, nikikosa Gates.

Turudi kwenye stetoskopu, magari mengine niliyoisikilizia. Ndugu yangu wa Tukuyu ana Corolla yenye 1ZZ hiyohiyo, ya kwake ilikuwa inagonga, kata kata kata, ikiwa inaunguruma bila kukanyaga mafuta, ukipiga resi inapotea. Alishaambiwa injini imekufa, atafute injini ya mtumba. Niliweka ncha kwenye bolti ya tenshena ya mkanda wa nje nikasikia kila pigo linakuja pale pale, na ukiangalia kwa macho mkono wa tenshena unatetemeka unaruka ruka. Hizi tenshena zina kama shokapu ndogo ndani yake, oili ikivuja haizuii tena. Akabadilisha tenshena, imenyamaza. Huyo peke yake ameokoa hela ya injini nzima, na siku ile alitupikia ndizi mpaka tukashindwa kusimama.

Dada mmoja jirani yangu mwalimu, IST yake ilikuwa inachakarika akasema ni mkanda. Nilizungukia puli zote, safi. Nikashuka chini nikagusa bati la kukinga joto la ekzosi kwa mti tu, likanyamaza. Bolti moja imeliwa na kutu. Kwa hiyo hata pale ambapo haikupata kelele, ilitusaidia kujua puli hazina kosa.

Ila kwenye Hiace ya dizeli yenye injini ya 5L haikunifaa sana. Dizeli inagonga yenyewe, kila unapogusa unasikia mapigo ya injini, beringi inafunikwa. Labda mwenye uzoefu zaidi ataisoma, mimi nilishindwa nikarudi kwenye kutoa mikanda na kuzungusha kwa mkono.

Mapungufu mengine. Vile vya kuweka masikioni ni vigumu, dakika kumi masikio yanauma, nilinunua vya stetoskopu ya kawaida kwenye duka la vifaa vya hospitali vikaingia vizuri. Fimbo ni vipande viwili vinavyofungwa kwa kuzungusha, mtetemo unalegeza, kagua kila mara, ya kwangu kipande kimoja kilidondoka karibu na mkanda na ashukuriwe Mungu kilipita pembeni. Ukigusa karibu na ekzosi chuma kinapata moto haraka. Na mtu anayeanza atatishika, kwa sababu utasikia vitu ambavyo haujawahi kusikia, injekta, zile zinazopulizia mafuta kwenye injini, zinapiga tik tik tik kwa nguvu utadhani kuna kitu kinavunjika, ni kawaida kabisa. Dawa yake ni kusikiliza gari nzima kwanza. Nendeni kwenye gari ya rafiki isiyo na tatizo, sikilizeni pampu yake, oltaneta yake, tenshena yake, sikio likariri uzima unafananaje. Mimi sikufanya hivo mwanzo na wiki ya kwanza nilikuwa naona kila kitu kinakufa.

Kwa bei niliyonunua naipa nyota nne kati ya tano, na nyota iliyobaki ni ya hizo fimbo zinazolegea na vile vya masikioni. Kama unachagua dukani, fungua na kufunga fimbo mara kadhaa uone nyuzi zinashika, puliza taratibu kwenye ngoma yake, pale fimbo inapofungwa, ukiwa umevaa usikie pande zote mbili zinalingana, na jaribu kwenye feni au friji ya dukani kama mimi. Ikiwa sikio moja linasikia kidogo, mpira umepasuka mahali au umebanwa, acha chukua nyingine.

Saa hizi kuna Noah ya jirani yangu, injini 3S, inalia chi chi chi tangu abadilishiwe oltaneta ya mtumba. Beringi zote nimezisikiliza ni nzima, maji yakipuliziwa inanyamaza afu inarudi. Nimeweka rula ndefu ya chuma kwenye uso wa puli ya krenki na ya oltaneta, kuna mwanya unaoingia sarafu ya shilingi mia mbili, ina maana ile puli ya mtumba imekaa nje ya mstari kidogo. Jumamosi tunafungua tuweke washa, kile kipete cha chuma, ili puli zikae mstari mmoja.